Utepe wa Kisiwa

Saa kumi na moja alfajiri, Punta Arenas,
mji ambao upepo wake hufungua milango bila kubisha.
Wamemleta Eleuterio Cárcamo, mkata manyoya ya kondoo, mstaafu,
mkono wa kuume umelala tumboni kama mzigo wa mtu mwingine.
Jina lako? "Ya."
Unaumwa wapi? "Ya."

Kwao neno hilo ni ndiyo, ni basi, ni tayari, ni haya twende.
Kwetu ni kiungo tu: ya nani? ya nini?
Daraja lililojengwa nusu,
na mzee amesimama ukingoni.

Hortensia, mkewe, ameshika kiatu kimoja cha mumewe.
Mara ya mwisho ulimwona mzima saa ngapi?
Anafikiri. Saa tisa na robo, alimkaripia mbwa
kwa sentensi ndefu yenye matusi mawili.
Muuguzi anaandika saa. Matusi haandiki,
ingawa ndiyo ushahidi.

Ghorofani, katika chumba kisicho na dirisha,
Daktari Nevenka Oyarzún anasogeza kiti.
Ingekuwa damu imemwagika, ingeng'aa,
hata mfagiaji angeiona akipita na ndoo.
Lakini mshipa ulioziba saa mbili tu huiba kwa adabu:
huchukua kijivu kidogo huku, kidogo kule,
na kuacha kila kitu mahali pake.

Anabana mwanga, anakaza giza,
mpaka kijivu na kijivu vianze kugombana.
Anatazama kulia, kushoto, kulia tena,
kama mnunuzi anayelinganisha vipande viwili vya kitambaa
vinavyodaiwa kutoka jora moja.

Miaka sita iliyopita, zamu kama hii,
aliandika: Hakuna kasoro.
Kesho yake nusu ya kichwa ilikuwa nyeusi,
dirisha la nyumba iliyohamwa.
Akairudia picha ya kwanza. Kasoro ilikuwepo,
mtoto aliyejificha nyuma ya pazia, miguu nje.
Maneno yale mawili bado anayatafuna na mkate wa asubuhi.

Kwa hiyo hana haraka, na saa inakimbia,
na yote mawili ni kweli.

Mikunjo ya juu: ipo.
Kiini cha ndani, chenye umbo la dengu:
kimefifia, au ni macho?
Anafumba. Anafumbua.
Kisha kisiwa, ndivyo walivyokiita wa kale,
sehemu ya ubongo iliyozama chini ya mikunjo,
na ukingoni mwake utepe mwembamba,
mweupe kwa unywele mmoja kuliko jirani zake.
Upande wa kulia wa mgonjwa, upo.
Wa kushoto

hakuna. Ukungu tu,
kama Chiloé, kisiwa alikozaliwa mzee huyu,
siku za mvua, ukikitazama kutoka ng'ambo:
unajua kipo kwa sababu jana ulikuwa huko.
Na karibu yake mshipa mmoja unang'aa kupita kiasi,
uzi wa damu iliyoganda.

Katika alama kumi anaondoa mbili.
Nane zimebaki. Nane ni nyingi.
Nane ni karibu mtu mzima.

Anashika simu. Hasemi huenda,
hasemi inashauriwa kulinganisha na picha zijazo.
"Umeziba, kushoto. Hakuna damu iliyovuja.
Hesabuni kutoka kwa yule mbwa. Chomeni dawa."

Saa tano asubuhi anashuka wodini,
jambo asilolifanya kamwe; wagonjwa wake huwa hawana nyuso.
Uso huu umeenda upande.
Vidole viwili vya kulia vinakuna shuka.
Kiatu bado kipo mapajani mwa Hortensia.

"Ya," anasema mzee.
Kisha anahangaika, mdomo ukisukuma
kama mtu na mlango dhidi ya upepo wa mji ule,
"Ya, Hortensia."

Ni ndiyo, ni basi, au ni twende nyumbani, hakuna aliyejua.
Mimi, kwa Kiswahili changu,
nimeisikia bila mkato.