Udongo wa Juu

Mimi ndiye niliyeshika daftari,
karani wa tanuri, Manikganj, msimu wa kwanza.
Nikaandika kwa mwandiko ulionyooka:
Hashmot Ali, bigha mbili, futi tatu kwenda chini.
Sikuandika kwamba ni baba.

Alisema hauzi shamba, anauza ngozi yake tu,
na ngozi huota.
Wakaja wachimbaji na vikapu, kisha malori,
wakauchukua ule mweusi, mnono,
ule aliokuwa akiuonja kwa ncha ya ulimi
kabla ya kupanda haradali.
Ukabaki wa manjano, usiojua mbegu.

Shamba la Motaleb, jirani, likabaki juu kama meza.
Maji yakamkimbia, yakashukia kwetu.
Mwaka wa pili akaja mwenyewe ofisini, kavua viatu,
nami nikafungua ukurasa mpya.
Kisha wajane wawili wa Khalpar. Kisha msikiti, kipande chake.
Hakuna aliyelazimishwa. Hilo nalo niliandika.

Bomba la moshi halikulala, Novemba hadi Aprili:
makaa ya mawe, na yakipungua, matairi.
Minazi ikazaa madafu ya ukubwa wa ngumi,
halafu ikaacha.
Mama alianika shuka nyeupe, akaanua za kijivu,
akazifua tena. Hakusema neno.
Kifua chake ndicho kilichosema.

Nyumba yetu mpya tuliijenga kwa bei ya mfanyakazi,
matofali elfu nane, kila moja na nyota kifuani.
Majirani wakaja kuigonga kwa vidole.
Imara, walisema, hii haichukuliwi na mafuriko.
Kweli, haikuchukuliwa.

Mchele sasa tunanunua dukani, kwa kilo.

Usiku mvua ikigonga bati baba huamka,
hutafuta jembe nyuma ya mlango
akafungulie maji shambani,
halafu hukumbuka.
Huweka kiganja ukutani, hupapasa, tofali kwa tofali,
kama mtu atafutaye swichi gizani.
"Hapa," huniambia, "hapa ni pembe ya mashariki.
Hapa haradali haikunihini hata mwaka mmoja."

Juzi nimeona, karibu na dirisha,
tofali lenye tundu jembamba lililopinda:
mzizi wa mpunga uliungulia ndani,
ukaacha njia yake.
Nimechomeka kijiti cha kibiriti.
Kimeingia chote.