Mshumaa kwenye Mpini wa Ufagio

Sikumpigia kura. Niandike hilo kwanza,
kabla daftari halijajaa mambo mengine.
Nilimtaka Muhindo, mwenye sauti na pikipiki,
lakini wanawake wa bidoni walimtaka Kavugho,
miaka ishirini na minne, viatu vya plastiki,
muhuri wa kamati ameuviringisha kwenye leso
kama yai la kwanza la kuku mchanga.

Hapa Lac Vert njia za ziwani ni mbili.
Ya mbali inazunguka lava, saa nzima, bidoni mgongoni.
Ya karibu inashuka bondeni,
pale majani yalipo mabichi kupita kiasi
na ndege hawatui.
Mazuku hulala pale. Hayana harufu, hayana rangi,
hayakohoi kukujulisha kwamba yapo.
Mbuzi watatu wa Kaniki walishuka Jumanne.
Tuliwaona toka juu, kana kwamba wamesinzia.

"Subira huvuta heri," wakubwa wa kamati walisema,
"shirika litakuja na bomba."
Kavugho akauliza, bila ukali:
"Subira ya nani? Wale mbuzi wanasubiri tangu Jumanne,
na hawajavuta heri yoyote."
Mtu alicheka. Nadhani ni mimi.

Hakutuomba tumwamini. Alikwenda kupima.
Siku tisa: alfajiri, adhuhuri, magharibi,
mshumaa ameufunga kwenye mpini wa ufagio,
kamba kiunoni,
kaka yake nyuma ameshika ncha.
Anaushusha taratibu, bega, nyonga, goti,
pfu.
Mwali unapokufa anarudi hatua mbili,
anaandika. Alfajiri, goti. Adhuhuri, kifundo.
Usiku wa mvua, kiuno.
Kijana mmoja alimwita mwoga.
Hakujibu. Alikuwa anahesabu.

Jumapili akatandika mchoro juu ya meza:
ukingo wa lava, juu ya kiwanja cha Muhindo,
hatua mia nne na kumi
ambako mshumaa haukuzimika hata mara moja.
Tuuchonge, akasema. Nyundo kumi, saruji mifuko sita,
michango yote ya miezi kumi na moja.

"Yote?" Mimi ndiye mwenye ufunguo wa sanduku.
"Yote. Na mvua ikiibomoa njia, kosa ni langu,
liandike kwa wino, si kwa penseli.
Ila ziandike na hizi tarakimu,
ili atakayenifuata asianzie gizani."

Muhindo akasema hiyo ni kamari.
Labda. Lakini sijawahi kumwona mcheza kamari
akipiga magoti kwanza, aipime meza.

Nikafungua sanduku. Ufunguo ulikataa mara mbili,
au mkono ndio uliokataa.

Leo tuko hatua ya mia mbili na sita.
Nyundo mbili zimevunjika mipini,
saruji imepanda bei, na Kaniki
anadai mbuzi wake kwa kamati, eti sisi tulichelewa.
Juzi nilimkuta Kavugho nyuma ya rundo la mawe,
anatapika, si kwa ugonjwa.
Akasukutua, akaniomba nisimwambie mtu,
akarudi kwenye nyundo.
Simwambii mtu. Nasema hapa tu.

Kesho tunafika kwenye kona ya jiwe jeusi,
mahali ambapo hajapapima bado.
Nimenunua mshumaa, kwa franga zangu mwenyewe.
Huo sijauandika kwenye daftari.