Kiti cha Pili

Kila mgonjwa alikuwa na viti viwili:
kimoja cha kuegemea, cha dripu,
kimoja cha plastiki, cha yule aliyemsindikiza.
Kazi yangu, ukiondoa fomu, ilikuwa hicho cha plastiki.
Mume akienda kutafuta chai nilikikalia mimi,
na yale aliyofichwa mume yakatoka.

Machi wakaviondoa.
Nilisaidia kuvibeba, kimoja juu ya kimoja,
hadi chumba cha sala, nacho kikafungwa.
Arobaini na kimoja. Nilivihesabu
kwa kuwa sikujua la kufanya.

Sasa ofisi ni jikoni kwangu, Swansea,
kompyuta juu ya ubao wa kupigia pasi.
*Pole* haina mwenziwe katika Kiingereza;
nasema maneno matatu badala yake, bado haijafika.

Bi Eirlys Prosser, kila Jumanne, dripu ya saa nne nzima.
Mumewe Gwilym haruhusiwi kuvuka mlango.
Anamngoja garini, kwenye maegesho,
supu ya viazi ndani ya chupa ya chai,
kioo kimeshushwa upana wa kidole.
Nampigia. Kansa haiulizi.
Anauliza faini ya maegesho, pauni sabini,
barua aandike vipi, na kwa nani.
Naiandika mimi, kwa ukali wa wakili.
Hilo, angalau, naliweza.

Bronagh, mwenzangu, kaugua, kapona nusu.
Mafaili yake yamekuja na mwandiko wake pembeni:
*huyu mwulize kwanza habari za mbwa.*

Novemba Eirlys akaenda.
Mazishi, watu kumi tu. Gwilym alinisomea orodha ya kumi na wawili,
akataka mimi nichague wa kukata.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husemwa.
Usufi ukilowa je?

Jumanne iliyofuata simu ikalia.
“Nipo mahali pangu,” alisema. “Mikono imeendesha yenyewe.”
Siku hiyo nilikuwa hospitali, kusaini. Nikashuka.
Mvua ya kule, isiyonyesha wala isiyokatika.
Nikasimama mita mbili, barakoa imeganda mdomoni.
Akashusha kioo chote.
Kiti cha pili kilikuwa kimelazwa nyuma
kama alivyokipenda mkewe,
na mkanda umefungwa juu ya chupa ya supu.

Sikusema kitu.
Nilikwenda kwenye mashine,
nikamlipia saa nyingine moja.