Athari Moja ya Maji

Katika daftari la nyumba ya Bibi Mauza, Rustaq,
nyanya yangu ametajwa mara tatu,
na mara zote tatu ni ndoa.
Mwandishi hakupoteza wino kwa mengine.

Hakuandika kwamba alifika na kasha na miaka kumi na minne,
kutoka Mkunazini, na Kiarabu cha chuoni,
cha kusomea, si cha kuombea maji.
Hakuandika funguo kumi na tisa kiunoni mwake
zilizotangulia kulia kabla hajatokea,
wapishi wakameza vicheko vyao.
Wala kahawa: aliionja yeye kwanza,
funda moja, akahesabu hadi mia,
ndipo Bibi aliponyoosha mkono.
"Ukifa wewe," Bibi alimtania, "nitalia kweli."
Rayya akacheka. Kucheka nako kulikuwa kazi.

*Rayya, kwa Ghasham wa bunduki. Kanga mbili, mkufu mmoja.*
Ghasham alilinda mnara wa kaskazini usiku kumi na moja
na nyumba haikuwa na fedha ya kumshukuru.
Alinuka baruti hadi ndevuni.
Hakuwa mbaya, nyanya alisema,
ila alilala na viatu, sikio moja macho.
Mwezi wa saba walitoka watu arubaini, wakarudi thelathini na tisa.
Akakaa eda, miezi minne na siku kumi,
na humo humo ndani ya eda Bibi akatuma mtu kuuliza
ufunguo wa zaafarani ni upi.

*Rayya, kwa Suwaidan wa Nizwa. Deni limefutwa.*
Hapana kanga. Hapana mkufu.
Kalamu ilikandamizwa hapo hata karatasi ikatoboka,
nimepapasa kwa kidole.
Mzee wa tende, mwenye wake wawili na meno manne;
alihesabu magunia, kisha akamhesabu na yeye.
Nizwa alizaa. Nizwa alizika.
Mwaka wa tatu Bibi akaugua, akamtaka Rayya,
hakuna mwingine aliyejua kumsuka bila kumuumiza.
Talaka ilikuja na mjumbe yule yule.
Aliazimwa, akarudishwa,
kama sufuria la karamu.

*Rayya, kwa Nasibu wa mfereji.*
Basi. Mstari umeachwa wazi.
Nasibu aligawa maji ya falaji:
mchana kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota,
akijua zamu ya kila shamba kama jina la mwanawe.
Babu yake alinunuliwa sokoni, na kila mtu alilijua hilo.
Rayya, mwenye miaka thelathini na miwili,
alikwenda mwenyewe mbele ya Bibi akasema neno
ambalo mwanamke wa mlangoni hana:
nataka.

Siku tisa Bibi hakumsemesha.
Siku ya kumi akamimina kahawa kwa mkono wake,
akanywa yeye kwanza, akahesabu kwa sauti,
akampa kikombe.

Mahari ilikuwa athari moja ya maji:
nusu saa, kila usiku wa nane,
tangu Kilimia kinapogusa ukingo wa mlima.
Mama alizaliwa ndani ya nusu saa hiyo,
au ndivyo alivyopenda kusimulia.

Siku hizi ngome ina tiketi. Nililipa.
Kijana akanionyesha kitanda cha Bibi, kioo, chetezo.
Nikauliza, aliyelala mlangoni alilala wapi?
Akautazama mlango, kisha simu yake.

Usiku nikashuka mashambani. Nyota zimestaafu,
zamu sasa hutangazwa kwa ujumbe.
Lakini binamu yangu Shuweni aliondoa jiwe na kitambaa,
na maji yakaingia, vuguvugu, kwenye ardhi yetu.
Nikavua viatu, nikasimama katikati ya mfereji,
nikaanza kuhesabu.
Sikufika hata hamsini:
"Toka humo," akanifokea, "dakika zinakwenda,
na mitende haijanywa."