Barua ya Kumi na Moja

Nyemo, mimi ndiye niliyeichapa.
Mkurugenzi alisema, "Mama Chedego, zile barua,
badilisha majina tu, tarehe iache."
Nikabadilisha majina.
Lako nililikosea mara mbili,
kidole kilikuwa hakitaki.

Saa kumi na nusu ulipita masijala
na boksi la karatasi, ndani kikombe, kofia ya saiti,
na ile picha ya mahafali, joho limekupwaya mabegani.
Ukasema, "Kwaheri mama," kama mtu anayeomba radhi.
Radhi ya nini?
Iliyokosa mradi ni kampuni. Wewe ulikosa nini
zaidi ya kuingia wa mwisho?

Kaa. Kuna chai ya rangi na karanga za Kongwa.
Habari ya mzabibu unaokatwa ili uzae sitakwambia,
umeshaisikia kanisani, na utaisikia tena
kwa kila mjomba ambaye hajawahi kushika mkasi.
Ukikatwa unaumia. Tuanzie hapo.

Halafu tuje kwenye makaratasi.
Rudi Jumatatu, udai cheti cha utumishi,
siyo barua ya kukusifu: cheti, chenye muhuri.
Siku zako za likizo nilizihesabu mwenyewe, ni tisa,
hazikulipwa. Usitie saini palipoandikwa
"sina dai lolote" eti kwa kuwa kalamu imeletwa.
Kwenye mfuko wa hifadhi uliza kama michango ilifika;
kukatwa mshahara ni jambo moja,
kufika ni safari nyingine.
Na ukiona umeonewa, Tume ya Usuluhishi
inakupa siku thelathini, haikupi mwaka.
Hasira hukaa sana. Siku hazikai.

Mpigie mama yako Mvumi, leo.
Najua unavyopanga: kila asubuhi utavaa shati,
utatoka Nkuhungu kwa miguu, ukae bustanini mjini
mpaka saa za watu kutoka kazini,
urudi na uchovu wa kuigiza.
Chedego wangu alifanya hivyo miezi minne.
Viatu viliisha soli, uongo haukuisha.

Kodi umelipa hadi Oktoba.
Basi usidake kila kinachopita kwa hofu ya Oktoba,
wala usikatae kila kazi isiyo na meza.
Kule Nala na Veyula watu wanatishiana majembe
kwa hatua mbili za mpaka,
na wewe umesimika vigingi Ihumwa juani,
vumbi la Septemba likisagika kwenye meno.
Yupo mpimaji mwenye leseni anatafuta msaidizi.
Namba yake hii. Usimzungushe, mwambie: nimepunguzwa.
Ni neno la kawaida. Lizoeze mdomoni
kabla hujakutana nalo kwenye usaili.

Wasifu wako niliusoma
(samahani, mimi nasoma kila kitu):
"mchapakazi, mwenye kujituma". Futa.
Andika: viwanja mia mbili na kumi na sita,
na kile kimoja ulichorudia kukipima bila kutumwa
kwa kuwa hesabu zake zilikunyima usingizi.
Mimi ningemwajiri huyo.

Unatazama saa ya ukutani.
Unajiuliza mbona niko nyumbani, Alhamisi, saa nne asubuhi.

Zilikuwa kumi, Nyemo.
Nilipomaliza kuzigonga muhuri
mkurugenzi akaniomba ya kumi na moja,
akatoka chumbani nisije nikamtazama.
Miaka kumi na tisa.
Nilibadilisha jina, tarehe nikaiacha,
nikarekebisha na mkato mmoja anaoukosea siku zote.

Kunywa chai, inapoa.
Kesho uje na simu yako, unionyeshe
hayo maombi yanatumwaje siku hizi.
Barua nitakusahihishia.