Risiti

Kesi ilianza na dizeli.
Si bastola, si mtu aliyeruka ukuta usiku,
ila maboksi manne ya hati za mafuta,
yamefungwa kwa mpira wa baiskeli, yananuka panya,
yakapandishwa ghorofa ya tano siku lifti imekufa.

"Anza na hizo," akasema Bi. Mwashamba, mkuu wa kitengo.
"Na usiniambie nani kaiba. Niambie lita."

Basi nikahesabu lita.
Wiki tatu, rula ya plastiki chini ya kila mstari,
feni inapeperusha, mimi nakandamiza kwa kikombe cha chai.
Siku ya kumi na tisa nikalikuta greda moja
lililokunywa lita elfu sita mwezi wa Februari.
Nikaenda Keko, karakana, kulitazama.
Lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu,
na kuku wa mlinzi ametagia kwenye kiti.

Kila hati ina sahihi: D. Ngwale, dereva.
Sahihi nzuri! Mkia wa N umepinda kama shingo ya bata.
Nikauliza, huyu Ngwale nitampata wapi?
Wakasema, Kisutu.
Nikadhani mahakamani, nikauliza ana kesi gani.
Wakatazamana.
Kisutu makaburini, afande. Tangu Novemba.

Mjane wake anashona sare za shule Mtoni.
Kitambulisho changu alikigeuza pande zote mbili,
akakilinganisha na uso, hakuridhika na uso.
Nikamwonyesha hati. Cherehani ikasimama.
"Huyu si Dadi. Dadi aliandika kama anagombana na kalamu,
D yake haikufunga hata siku moja."
Akaingia ndani. Akatoka na daftari la mistari,
jalada lina alama ya mafuta ya mikono:
tarehe, kilomita, lita, tarehe, kilomita, lita,
maana alikuwa akisema, siku wakiiba watanitaja mimi.
Ukurasa wa mwisho, D ile iko wazi kama mlango:
*Leo wameng'oa magurudumu. Funguo nimewaachia. Mungu shahidi.*

Nikanyosha mkono. Hakulitoa.
"Serikali nayo iniandikie risiti."
Tukakaa kwenye kizingiti tukahesabu kurasa,
yeye akilowesha kidole, mimi nikiandika.
Tisini na nne. Mbili zilichanwa, akasema,
moja ya hesabu za msiba, nyingine hakumbuki.
Nikaandika na hilo. Akasoma yote kabla ya kutia dole gumba,
na nakala ya kaboni akaikunja ndani ya kanga.

Usiku ule, nyumbani Tabata, natafuta kiberiti,
umeme umekatika,
nikaiwasha tochi ya simu juu ya kabati,
ikaangukia kadi ya mchango wa harusi.
Ya jirani yangu, mhasibu, mwanawe anaoa Desemba.
Kaiandika kwa mkono wake: *Ndugu na familia.*
Mkia wa N.
Nikaketi. Bata ananitazama.

Asubuhi niliiweka mezani kwa Bi. Mwashamba, ndani ya bahasha ya vielelezo.
Akaisoma, akaigeuza, akaishika mbali kidogo na miwani.
"Ulishachanga?"
Elfu hamsini, nikajibu.
Akavuta fomu mpya, akaandika jina langu juu, taratibu,
kama anamwandika mtu asiyemjua.
"Risiti ulipewa?"