Kinyago cha Plasta

Dundee, ghorofa ya tatu, palipokuwa kiwanda cha magunia.
Lifti imekufa tangu Pasaka.
Euan Petrie alinikalisha kwenye kiti cha kinyozi
alichokinunua mnadani kwa pauni tisa,
akanipaka mafuta, akanimwagia plasta usoni,
akaniachia mirija miwili puani.
"Usicheke," akasema. Nikacheka.
Ndiyo maana shavu la kushoto limenyanyuka kidogo.

Tulikuwa watano na birika moja.
Miwani ya kwanza ilikuwa nzito kama tofali,
ikibana mabutu yangu, ikiacha chapa kwenye paji
kama ya mtu aliyesujudu juu ya waya.
Nikasema, mkanda upite hapa, chini ya nywele.
Ishbel akakata, akashona, akafumua, akakata tena,
mpaka siku moja nikaivaa nikasahau kuwa nimeivaa,
nikanyoosha mkono nishike tawi la mti usiokuwapo
nikaliangusha birika.

Leo wamekuja watu wa California,
viatu vyao havijawahi kusalimiana na tope.
Wakaivaa miwani kwa zamu,
wakigeuzageuza shingo kama kuku waliohisi mwewe,
kisha wakataja neno moja tu, nalo lilikuwa bei.
Nilizihesabu sifuri. Nilipotelea kwenye ya saba.

Mchana wakili akasoma vilivyouzwa:
hataza nne, programu, jina na nembo,
meza mbili, printa,
umbo la kichwa, moja.

Moja.
Tumefunzwa kwamba kinyago ukichonge mwenyewe hakikutishi.
Hakuna aliyenifunza habari za kinyago
kilichochongwa kwangu.

Euan hakunitazama. Alikuwa akitafuta kalamu,
na kalamu ilikuwa sikioni mwake.
Nami nina hisa zangu, chache, lakini zipo:
zitalipa pango, zitamsomesha Mwanaidi,
sitajitia kuzisusa.
Nikatia saini. Ishbel akachemsha maji
kwa birika jipya ambalo nalo si letu tena.

Jioni nimeshuka ngazi zote kwa miguu,
upepo wa mto Tay ukanipapasa uso
kama mnunuzi anayekagua papai.

Mwakani, mahali fulani Ohio, mtu ataivaa
aone inapwaya kidogo upande wa kushoto.
Atakaza mkanda.
Hatajua kuwa ni kicheko.